MWANAO AKIWA KURUTA, USIHESABU POSHO YAKE

Mama msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa usharika wetu hapa Iringa. Siku moja mama mjane, mwenzetu mwaminifu asiyewahi kukosa kikao, aliomba mkopo wa shilingi 600,000 ili aezeke nyumba yake iliyokuwa imebaki kuta tupu kwa miaka minne. Katika fomu yetu kulikuwa na mstari unaouliza mkopaji atarejesha fedha kwa njia gani. Yeye alijibu kwa furaha kwamba kijana wake wa pili amechaguliwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa kujitolea, na ya kuwa akianza kupokea fedha za serikali atamtumia mama yake kila mwisho wa mwezi. Wajumbe wakanitazama mimi, kwa kuwa ni muuguzi wa serikali na wanadhani najua mambo hayo. Nikasema, "Mtoto yuko jeshini, wasiwasi wa nini?" Nikatia sahihi.

Mwezi wa kwanza hakuleta rejesho. Wa pili alileta nusu, aliyoipata kwa kuuza jogoo na mitetea wawili. Wa tatu hakuja kikaoni. Nilimfuata nyumbani jioni nikitoka zamu, nikamkuta amekaa chini ya mabati yake mapya anachambua mboga, hana raha kabisa.

"Sista," akaniambia, "mtoto alipiga simu jana. Nimemgombeza hata mimi mwenyewe sikulala."

Kijana alikuwa amemweleza kwamba posho aliyopata amenunulia sabuni, dawa ya meno na kiwi ya viatu, na kiasi kilichobaki ndicho alichonunulia vocha ili ampigie mama yake. Mama naye akamjibu kwa hasira, "Wenzako wanawatunza wazazi wao, wewe hizo fedha unakula na nani huko?" Kijana alinyamaza kimya. Kisha simu ikakatika.

Yule mama alifikiri mtoto amekuwa mhuni. Mimi nilijua kosa liko wapi, maana sahihi iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa yangu. Nikaanza kuulizia. Nilimwuliza jirani yetu mmoja mstaafu wa jeshi, nikawauliza na vijana waliorudi kutoka kambini ambao huja kliniki kwetu. Niliyojifunza ningependa kila mama mwenye kijana ayajue kabla ya kumfungia mtoto begi.

Kuruta si mwajiriwa

Vijana wanaoingia JKT ni wa aina mbili. Wapo wanaokwenda kwa mujibu wa sheria, yaani waliomaliza kidato cha sita, ambao huitwa kila mwaka baada ya mitihani na kukaa kambini miezi mitatu. Na wapo wanaokwenda kwa kujitolea, ambao mkataba wao ni wa miaka miwili. Wote wawili huanza wakiwa makuruta: mchakamchaka alfajiri, kwata, silaha, usafi, shamba.

Kuruta halipwi mshahara. Serikali inampa mahali pa kulala, chakula, sare na buti, na akiugua anatibiwa. Yule wa kujitolea hupata na posho ndogo ya kujikimu, na neno lenyewe linajieleza: ni fedha ya kumwezesha mtu kuwa na sabuni na wembe, si ya kujengea nyumba. Mshahara ni wa askari aliyekwisha kuandikishwa kuwa mwajiriwa. Kati ya kuruta na askari huyo kuna safari ndefu, na wengi wa watoto wetu hawafiki mwisho wake.

Hapa akina mama wengi tunachanganya. Tunaona sare, tunaona picha ya mtoto amesimama wima na kofia, tunasema huyu sasa ni mtu wa mshahara. Jirani naye anaongeza chumvi. Mtoto akisema hana kitu tunamwona mchoyo.

Faida ya fedha ambayo mama anaipata mtoto akiwa mafunzoni ni moja, nayo haiji kwa simu: ni ile sahani iliyopungua mezani. Kijana wa miaka ishirini anakula! Yule mama mjane nilipompigia hesabu ya unga, maharage na sabuni aliyokuwa akitumia kijana wake akiwa nyumbani bila kazi, alishangaa, kwa sababu hakuwahi kuihesabu. Fedha hiyo ndiyo aliyokuwa nayo kila mwezi, nayo ilikuwa inapita mikononi mwake bila yeye kuiona kuwa ni fedha.

Ugomvi wa siku nyingi

Malalamiko kuhusu malipo ya jeshini si ya jana. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Miezi sita baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, na walitaka nyongeza: askari wa chini alikuwa akipata shilingi 105 kwa mwezi, wakadai 260. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, ambalo vijana wake wa mwanzo walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika hiyo hiyo JKT.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya wasomi. Serikali ilitaka wahitimu wa vyuo waende JKT, wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi zao za kawaida miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini alifanya na jambo la pili ambalo huwa halisimuliwi sana: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Kaka yangu mkubwa alikwenda JKT miaka ya themanini na hadi leo hukunja shuka kama askari. Mimi sikwenda. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 kwa sababu ya ukata, yakarudi mwaka 2013, na sisi tuliosoma katikati ya miaka hiyo tulipita salama. Nadhani hiyo ni sababu moja ya ujinga wetu. Akina mama wengi wa umri wangu tunapeleka watoto mahali ambapo sisi wenyewe hatukuwahi kukanyaga.

Mfuko wa mama

Binti yangu wa kwanza aliitwa mwaka 2023, akapangiwa kambi ya Msange, Tabora. Safari hii sikutaka kukosea tena, nikakaa na daftari.

Tangazo la JKT hutaja vitu ambavyo kijana aende navyo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za kulalia za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti ya kijani au ya bluu, nguo za kuzuia baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi, na sisi wa Iringa tunaijua Mafinga ilivyo mwezi wa saba, vyeti vyote, na nauli ya kwenda na kurudi. Soma tangazo la mwaka wa mwanao, usitegemee la mwaka jana ulilopewa na jirani.

Sikukimbilia dukani. Bukta mbili nilimpa fundi wa mtaani, shilingi 16,000. Fulana mbili 14,000. Raba 25,000, na hapa sikubana. Shuka 18,000, soksi jozi tatu 6,000, trakisuti 25,000. Jumla 104,000. Kisha pedi za miezi mitatu 15,000, na sabuni, mafuta, dawa ya meno, ndala na kufuli nikapata kwa 16,000. Kwa hiyo kabla ya nauli nilikuwa nimetoa 135,000, na mume wangu akabeba nauli ya kwenda na kurudi. Ile ya kurudi tulimwekea binti mwenyewe katika bahasha, akaishona ndani ya pindo la begi, maana fedha iliyolegea kambini haikai.

Mfukoni tukampa 30,000. Baba yake alitaka kuongeza, nikakataa. Vijana waliorudi waliniambia kuwa mwenye fedha nyingi hanga zima linamjua siku ya pili: huyu anaomba soda, yule anakopa, mwingine anaiba kabisa. Asiye na kitu naye anateseka, anaanza kufulia wenzake nguo ili apate kipande cha sabuni. Nilitaka wangu awe katikati.

Mama mmoja rafiki yangu alimpeleka wake na sanduku la magurudumu, blanketi zito, manukato, na mikate ya siku tano. Sanduku lilivunjika gurudumu kituo cha basi, mikate ikaliwa na wenzake usiku wa kwanza.

Vijana wa kujitolea mahitaji yao ya kwanza ni hayo hayo, ila muda ni mrefu. Sabuni na pedi hazinunuliki za miaka miwili kwa mara moja. Kwa hiyo huyo, kama mama una uwezo, mtumie kidogo katika miezi ya mwanzo hadi azoee kuitumia posho yake, na kama huna uwezo mwambie kabla hajaondoka, ili asikae akisubiri. Lakini usimwombe wewe. Nimeona vijana wanaokopa kambini ili wamtumie mama, kisha posho ikitoka inakwenda yote kwa mdai. Mmoja alinieleza kuwa alikaa miezi minne bila kununua soksi. Alikuja kwetu na vidonda vya miguu ambavyo nisingependa kuvieleza mbele ya chakula.

Neno la muuguzi

Raba ni dawa. Kuruta anakimbia kila siku, na raba inayobana au inayopwaya inaleta lengelenge, lengelenge linapasuka, uchafu unaingia. Mnunulie mapema, azivae nyumbani wiki mbili, akimbie nazo, ziwe zimezoea mguu. Mfundishe kukausha katikati ya vidole.

Wasichana wengine hedhi husimama au kupotea mpangilio wakiwa katika mazoezi makali na mawazo ya kuwa mbali na nyumbani. Mwambie binti yako jambo hilo kabla hajaondoka, ili asiogope bure, wala wewe usianze kumshuku akikwambia. Ikiwa haijarudi baada ya mafunzo, mlete hospitali.

Na mtoto mwenye pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo, msiufiche! Ninajua kwa nini akina mama wanaficha. Wanaogopa atarudishwa, na nauli imekwishaliwa. Lakini mwenye selimundu akikimbizwa juani bila maji anaweza kufa, na hakuna posho wala cheti kitakachomrudisha. Mpe barua ya daktari wake na dawa zake zikiwa na maelezo, amwone mganga wa kambi siku ya kwanza. Vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho JKT imekuwa ikiwapangia kambi ya Ruvu, mkoani Pwani. Msimfungie mtoto ndani kwa kudhani hahusiki.

Wanaouza nafasi

Hili nalipita haraka kwa kuwa mmelisikia. Nafasi za JKT haziuzwi. Za kujitolea hutangazwa, na maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa anakoishi kijana. Anayekuja na "hela ya fomu", "hela ya vipimo", au anayesema ana mjomba wake makao makuu, huyo anataka kuku wako. Katika kata yetu mama mmoja aliuza shamba la miti la marehemu mumewe akampa mtu wa namna hiyo, na namba ya simu ikazimwa siku ile ile.

Siku hizi wamepata na njia nyingine. Mtoto akishaingia kambini wanapiga: "Mama, mwanao amevunjika mguu, tuma laki mbili haraka apelekwe hospitali." Kwa kuwa kuruta hana simu mkononi muda wote, mama hawezi kumwuliza, anatuma. Kabla hajaondoka, muagize akupatie namba ya ofisi ya kikosi mara tu akifika, uiandike ukutani, na ukipigiwa hivyo upige huko kwanza.

Baada ya mkataba

Nirudi kwa yule mama. Nilipeleka suala lake kikaoni, nikaeleza wazi kwamba ni mimi niliyewaambia jambo nisilolijua. Tulipunguza rejesho lake kutoka 60,000 hadi 25,000 kwa mwezi, na marejesho mawili niliyalipa mimi kutoka mfukoni, ambayo mume wangu alikuja kuyajua baadaye na hakuyafurahia. Yeye akaanza kukaanga maandazi alfajiri na kuyapeleka kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Akampigia mwanawe, akamwomba radhi. Aliniambia kijana alilia, naye akalia, vocha ikaisha.

Kijana alimaliza miaka miwili. Alikuwa na tumaini la kuchukuliwa Jeshi la Wananchi, na ni kweli jeshi hilo limekuwa likichukua vijana wenye cheti cha JKT. Lakini nafasi ni chache kuliko vijana, na JKT yenyewe katika matangazo yake husema wazi kwamba haitoi ajira wala haimtafutii kijana ajira, inatoa mafunzo. Mwezi Aprili 2021 tulisikia kwenye taarifa ya habari vijana 854 wakiondolewa JKT kwa utovu wa nidhamu, kwa sababu walipanga kuandamana kwenda Ikulu kudai waajiriwe. Walikuwa wamejenga, wamelima, wamevumilia, na kila mmoja alikuwa na ahadi aliyoisikia mahali. Nilipoisikia habari ile niliwafikiria mama zao 854, ni wangapi walikwisha kukopa.

Sisemi JKT ni bure. Wengine hupata kazi za ulinzi katika SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la jeshi hilo lililoanzishwa mwaka 1981. Wengine huitwa polisi au magereza. Na wengine hurudi na ufundi. Huyu wa kwetu hakuitwa popote. Alirudi amekonda, ameimarika, anaamka saa kumi na moja bila kuamshwa, na kambini alikuwa amejifunza uashi kwa kujenga majengo ya kikosi. Wiki mbili alikaa ndani, hasemi na mtu. Wiki ya tatu aliomba mchanga lori moja, akaanza kupiga plasta chumba cha mama yake. Jirani akaona, akamwita, na mwingine akamwita.

Mwezi Agosti alikuja kikaoni yeye mwenyewe, amevaa zile buti zake, akaketi nyuma karibu na mlango akisubiri tumalize sala. Kisha akasimama akaweka mezani shilingi 75,000, rejesho la mwisho la mama yake. Mweka hazina akahesabu mara mbili, akaandika.

Ule mstari wa fomu tumeubadilisha. Sasa unauliza: mkopaji atalipa kwa kazi gani ya mikono yake mwenyewe?